Mbolea ya ruzuku huanzia ofisi ya kijiji

Kamwene. Mwongozo huu namwandikia mkulima wa huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Ismani na Kilolo hadi Mbozi na Ileje, ambaye mvua za Novemba humkuta bado anahangaikia mfuko wa kupandia. Misimu mitatu nimekuwa nikiwasaidia wazee wa kijiji chetu kusoma ujumbe kwenye simu zao na kusimama nao foleni ya mbolea. Karibu wote niliowaona wakirudi mikono mitupu walikuwa wamekwama tangu Agosti, siku taarifa zao zilipoandikwa vibaya wakaondoka bila kuzisoma. Dukani walikwenda tu kuambiwa.

Kwa hiyo humu nitakaa zaidi kwenye yale ya kijijini. Ya dukani ni mafupi kama ya kijijini yamenyooka.

Elewa kwanza fedha inapita wapi

Korona ilipoingia mwaka 2020, kila serikali iliwaangalia wakulima wake kwa namna yake. Marekani, kwa mfano, Aprili mwaka huo ilitangaza dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja, kila mmoja kwa hasara yake. Sisi machungu yalitufikia kupitia bei ya mbolea. Usafiri wa meli ulipanda. Gesi asilia, ambayo ndiyo inayotengenezea urea, ikapanda. Mwaka 2021 China ikabana mbolea yake isitoke nje, na Februari 2022 vita vya Ukraine vikamalizia. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukafika kama shilingi 131,000 na wa urea, ya kukuzia, kama 124,000. Nawakumbuka watu waliopanda mahindi msimu ule bila chembe ya mbolea, na mavuno yao yalionekana ukiwa barabarani.

Tarehe 8 Agosti 2022, sikukuu ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku hapa hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23. DAP na urea zikashuka hadi shilingi 70,000 kwa mfuko. Kwa ekari moja ya mahindi inayotumia mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, mkulima aliokoa zaidi ya 110,000. Mpango uliendelea misimu iliyofuata, na kuanzia 2024/25 mbegu za mahindi nazo zikaingizwa.

Sasa shika hili vizuri, maana matapeli wanaishi kwenye kutojua kwetu: serikali hailipi mkulima. Wewe unalipa bei iliyopunguzwa, na ile tofauti serikali inailipa kampuni iliyoleta mbolea. Hakuna fedha ya ruzuku inayotumwa kwenye simu yako. Akikupigia mtu akisema "mzee, malipo yako ya ruzuku yapo tayari, tuma elfu tano ya kufungulia", kata simu. Usajili ni bure, na kupata namba ya mkulima, ile unayonunulia mbolea kwa bei ya ruzuku, ni bure. Unachotoa ni bei ya mbolea dukani, basi.

Wenye umri wangu wataikumbuka ile ruzuku ya vocha iliyoanza mwaka 2008. Ulipewa karatasi za mbegu, za kupandia na za kukuzia, za ekari moja, na nusu ya bei unaongeza mwenyewe. Asiyekuwa na fedha ya kuongezea aliiuza vocha kwa bei ya chumvi, na mwenye duka akajaza stoo. Leo karatasi haipo, kuna namba. Namba nayo watu wameshaanza kuikopesha. Hilo nitalirudia chini.

Kitambulisho na laini ya simu

Hii fanya mapema, Juni au Julai, wakati mahindi bado yanakauka uwanjani.

Chukua namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa ikianza na mwaka. Kama kadi haijatoka, namba peke yake inatosha kwa mambo mengi. Kama namba huijui, piga *152*00#, menyu ya huduma za serikali, ufuate sehemu ya utambuzi, au nenda ofisi ya NIDA ya wilaya. Iandike namba hiyo kwenye daftari kwa peni. Usitegemee kuikariri.

Kisha angalia jina. Huku kwetu mtu mmoja ana majina manne: la ubatizo, la ukoo, la babu, na lile analoitwa na jirani. NIDA wanamjua kama Tumpe, kijijini ni Mama Ambakisye, na kwenye daftari la chama cha ushirika ameandikwa jina la mume. Jina la ukoo nalo lina tahajia zake. Herufi moja ikibadilika, kwa mashine huyo ni mtu mwingine. Siku zote tumia jina lilivyo NIDA, herufi kwa herufi, hata kama NIDA wenyewe walikosea kuliandika. Kosa la NIDA linarekebishwa NIDA, kwa wakati wake. Ukilirekebisha kwa mdomo mbele ya mtendaji wa kijiji umetengeneza watu wawili.

Halafu laini ya simu. Hapa naomba uniruhusu nisimulie.

Mama yangu mdogo anaishi upande wa Wanging'ombe. Ana simu yake ya kitochi nzuri tu, ila siku ya kuandikishwa aliambiwa ataje namba ya simu, akataja ya mwanawe, kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameikariri kwa kumpigia kila Jumapili. Kijana alikuwa Makambako wakati ule. Oktoba akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akanunua laini nyingine, ile ya zamani akaitupa ndani ya begi. Ujumbe wa mama ulikwenda kulala kwenye lile begi. Desemba mama akaenda kwa wakala wa mbolea na fedha yake mkononi, akaulizwa namba, hana. Akarudi kijijini, mtendaji yuko kikao cha kata. Kesho yake akarudi tena, mtandao haupo. Alipopata namba yake ilikuwa wiki ya pili ya Januari, mahindi yamefika magotini yakiwa ya njano. Akanunua urea pekee. Mavuno yalikuwa nusu ya mwaka uliotangulia, na kwa mjane anayesomesha hiyo nusu ni ada. Hakuna aliyemwibia wala kumnyima. Ni namba ya simu tu.

Kwa hiyo: andikisha laini iliyo mfukoni mwako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Piga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Utashangaa, wengine hukuta laini wasizozijua, na hizo zikafungwe kwa mtoa huduma. Kama huna simu kabisa, taja ya mtu mnayelala naye nyumba moja na asiyehama. Na kabla ya msimu futa ujumbe wa zamani. Vitochi vingi vikijaa havipokei mpya.

Pima shamba kabla ya kutaja ekari

Kiasi cha mbolea unachoruhusiwa kinafuata ukubwa wa shamba na zao. Kuna wanaotaja ekari chache wakiogopa ushuru, kisha wanalalamika mifuko ni michache. Na kuna wanaotaja tano wakati wana mbili. Wa kwanza anajinyima mwenyewe. Wa pili anamnyima jirani, kwa sababu fedha ya ruzuku ina mwisho na mbolea inayoletwa kata yenu inapangwa kwa hesabu hizo hizo.

Wengi tunapima hatua sabini kwa sabini. Ni kipimo cha wazee na kinakaribia, ila hatua ya kijana mrefu na ya bibi si sawa. Ekari ni kama mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63 na ushee, au kipande cha mita 50 kwa 81. Nunua kamba ya katani, ipime mita 10 kwa futi ya fundi, funga fundo kila mwisho, tembea na mtoto akushikie upande wa pili. Shamba likiwa la mteremko kama ya Rungwe au Kilolo, nyoosha kamba juu, usiilaze kufuata kilima. Kazi ya saa mbili inakupa hesabu ya kweli ya mbegu, mbolea na vibarua kwa miaka yote utakayolima pale.

Shamba la kukodi litaje kuwa ni la kukodi, na kaeni na mwenye shamba mkubaliane ni nani ataliandikisha. Kipande kimoja kikiandikwa mara mbili huleta ugomvi, na kwa kawaida mpangaji ndiye anayeumia. Mkiweza, andikieni makubaliano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Akina mama, neno moja. Kama una bustani yako ya viazi mviringo au mahindi unayolima mwenyewe, andikishwa kwa jina lako. Nimeona kaya ambayo mifuko yote iko chini ya jina la baba, baba akasafiri na simu yake, shamba likamsubiri. Kuandikishwa kila mtu kwa anacholima hakumvunjii heshima mtu yeyote.

Ofisini kwa mtendaji

Uandikishaji na uhakiki hufanyika kijijini, kwa afisa mtendaji au kwa waandikishaji wanaopita vitongojini. Tangazo likitoka, nenda siku za mwanzo. Usisubiri "wakimaliza wengine", kwa sababu siku za mwisho foleni ni ndefu, mwandishi amechoka, na makosa yote huzaliwa hapo.

Nenda na kitambulisho au namba ya NIDA, simu ikiwa na chaji, vipimo vya mashamba na majina ya mazao. Mazao yote yataje. Mkulima wa Mbozi mwenye kahawa na mahindi akitaja kahawa peke yake ameyaacha mahindi nje; wa Usangu mwenye mpunga bondeni na mahindi mlimani, vivyo hivyo.

Kisha fanya kile ambacho watu wengi wanaona aibu kukifanya. Mwandishi akimaliza, mwambie kwa heshima, "Shikamoo mtendaji, naomba unisomee ulivyoandika." Hata kama ni kijana, heshima haikupunguzii kitu. Sikiliza jina, namba ya NIDA, namba ya simu tarakimu moja moja, kijiji, ekari, zao. Kama huoni vizuri, nenda na mjukuu anayejua kusoma. Dakika tano hizi zinazidi siku nne za kwenda na kurudi Desemba. Wapo watendaji watakaokunja uso. Kaa hapo hapo kwenye benchi mpaka usomewe.

Aliyeandikishwa msimu uliopita haandikishwi upya kama mgeni. Anahakiki na kurekebisha. Umeongeza shamba, umeuza, umebadili laini, mwenzako amefariki, sema. Namba ya marehemu kubaki kwenye daftari ndiko wanakoanzia wakulima hewa, na watoto wa marehemu wanabaki bila mbolea wakati jina la baba yao linanunulia mtu mwingine.

Namba ya mkulima ikiingia kwenye simu, iandike kwenye lile daftari la NIDA siku ile ile. Usimpe mtu. Rafiki atakuja: "Nisaidie namba yako, wewe mwaka huu hulimi kote, nitakupa elfu kumi." Ukikubali, mifuko itaandikwa umechukua wewe. Ukija kupungukiwa Januari, mfumo utakuonyesha umeshamaliza, na huna pa kulalamika. Mbolea nyingi ya namna hiyo huishia kuvushwa mpakani Tunduma na Kasumulu, kwa hiyo jina lako linaweza kukutwa kwenye kesi usiyoijua.

Fedha ya mbolea ipatikane kwenye mahindi yenyewe

Ruzuku inapunguza bei, lakini mfuko bado unalipiwa. Ukivuna, kabla hujauza chochote, tenga gunia za mbolea na uziite hivyo mbele ya familia nzima. Usiziuze Juni wakati kila mtu anauza na mlanguzi anapanga bei na lumbesa juu. Zikaushe vizuri mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, maana ndicho kiwango kinachokubalika sokoni. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, akifungua vituo vya kununulia upande wa Makambako, Songwe au Songea, mahindi makavu na safi ndiyo yanayopita mzani. Wengine hutumia kikoba: kila wiki kidogo kidogo, na mgao unatoka Oktoba ukiwa mifuko. Hiyo naiona bora kuliko kuweka fedha ndani, kwa sababu fedha ya ndani humalizwa na misiba na harusi.

Ikikupungukia, nunua ya kupandia kwanza. Ya kukuzia una wiki kadhaa za kuitafuta.

Kwa wakala

Nenda kabla mvua haijakolea. Mwisho wa Oktoba barabara ya vumbi inapitika na bodaboda anakubali bei. Desemba tope limefika kwenye ekseli.

Nenda mwenyewe, na namba, kitambulisho na simu ile ile iliyoandikishwa. Bei elekezi ya msimu hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, na hubadilika msimu hadi msimu na mahali hadi mahali kwa sababu ya usafiri, kwa hiyo bei ya Mbeya mjini usiidai Ileje. Ulizia ya kata yenu kwa bwana shamba kabla hujatoka. Wakala akiingiza namba yako kwenye mfumo, muulize jina lililotokea na mifuko iliyobaki. Likitokea jina la mtu mwingine, simama hapo, usilipe.

Usikubali kuambiwa "lipa sasa, mzigo unakuja kesho". Mfuko uuone, uushike, uone mshono wa kiwandani haujafunguliwa, na kama mzani upo, kilo 50 zitimie. Soma jina juu ya mfuko, usisome rangi ya chembe. Ukiwa umekwenda kununua ya kupandia, DAP ina fosforasi nyingi na ndiyo inayohitajika chini ya mbegu. Urea na CAN ni za kukuzia. Nimeona mzee amebebeshwa urea ya kupandia kwa sababu DAP imekwisha, akaiweka ikigusana na mbegu, na mbegu zikaungua ardhini.

Dai risiti yenye jina lako, aina, idadi na bei. Ile ndiyo mdomo wako ukikwama.

Mfuko ukifika nyumbani

Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta unaovuja na mbali kabisa na ng'ombe. Urea ni sumu kwa mifugo, na ng'ombe hupenda kulamba mfuko kwa sababu ya ladha ya chumvi. Mfuko ukiisha usitilie unga wala mahindi ya kula. Siku ya kupanda weka DAP kando kidogo ya mbegu, katikati iwe udongo. Siku ya kukuzia subiri ardhi iwe na unyevu, na urea uifunike, maana ikiachwa juani sehemu yake hupotea hewani. Kwa wale wa mashamba ya udongo wenye tindikali, ulizieni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole au bwana shamba habari za kupima udongo na kuweka chokaa. Udongo mchachu hushika fosforasi, na mfuko uliolipia unakaa chini bila kufika kwenye mzizi.

Ukikwama

Anza kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu marekebisho mengi ya taarifa hufanyikia kwake. Akishindwa, nenda kwa afisa kilimo wa kata, kisha idara ya kilimo ya halmashauri. Malalamiko ya bei au ya mbolea mbovu yafikishe TFRA, ambao wana ofisi ya kanda yetu Mbeya. Kila unapokwenda, andika tarehe na ulichoambiwa kwenye daftari lako, na risiti iwe imebanwa hapo hapo. Mtu mwenye tarehe anasikilizwa. Anayesema "nilikuja siku ile" anaambiwa arudi siku nyingine.

Nendeni wawili au watatu wenye tatizo moja, kodini guta au pandeni basi pamoja. Mwaka uliofuata mama mdogo alikwenda na majirani zake wawili, daftari lake la kava jekundu ndani ya kanga, laini yake mwenyewe kwenye kitochi. Alimwomba mtendaji amsomee. Ekari zilikuwa zimeandikwa mbili badala ya tatu, zikarekebishwa pale pale mbele yake. Novemba tarehe za mwanzo, kabla mvua haijatulia, mifuko yake ilikuwa juu ya mbao.